Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Picha



Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huitisha kikao. Baba anataka uhasibu, mama anataka uuguzi, na mwenye matokeo yake, akiwa ameinamisha kichwa, anasema anataka kusomea upigaji picha. Hapo wazazi hugawanyika. Wapo wanaouliza, "Picha nazo zinasomewa? Si unabonyeza tu?" Na wapo wanaokubali upesi mno: wanaokota tangazo la chuo lenye kamera kubwa na ahadi ya ajira, wanalipa muhula wa kwanza, wanashukuru Mungu mtoto ametulia. Leo nazungumza na wote hao, na zaidi na huyo kijana aliyeinamisha kichwa.

Nianze na anayesema shule ya picha haina kazi, kwa sababu huyo ana ushahidi mzuri. Historia ya picha katika pwani yetu imejaa watu ambao hawakukalia dawati la chuo chochote cha picha. Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, baada ya kuijua kazi katika studio ya akina Gomes, Wagoa waliokuwa wakipiga picha Unguja tangu karne ya 19. Mwanawe, Rohit, akaja kuishika studio hiyo. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye kuanzia miaka ya 1940 vijana wa mji walikwenda kwake wamevaa nguo zao bora, wakapigwa picha ambazo leo zinatafutwa na makumbusho. Lamu, Omar Said Bakor alijifunza mwenyewe. Kwa mkasi, negativu na chumba cha giza alitengeneza picha za maajabu ambazo kijana wa leo asingezijaribu bila kompyuta.

Halafu yupo Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyekulia kwa sehemu kubwa Tanganyika. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka kama ishirini, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam. Ni yeye aliyepiga mkanda wa njaa ya Ethiopia mwaka 1984 uliotikisa dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Kila ninapomgusia mtu habari ya vyuo vya picha, jina la Amin hutolewa mfukoni. "Amin alisoma wapi?"

Haya, alisoma wapi? Swali hilo nalipenda, ila wanaoliuliza huwa hawasubiri jibu. Oza alisomea kwenye studio ya mtu. Kwa vizazi vingi kijana wa studio alianza kwa kufagia, akashika taa, akachanganya dawa, akasafisha mikanda, na siku moja fundi akiwa na homa akaambiwa, "Leo piga wewe." Huo ni uanagenzi, na uanagenzi ni shule yenye ada kali: miaka ya kufanya kazi ya mtu kwa malipo ya nauli. Na Amin alikuwa mfanyabiashara tangu mwanzo. Alijua nani anataka picha gani, Ulaya na Marekani, na jinsi ya kuifikisha kabla ya wengine. Anayemtaja Amin ili kukwepa shule angetaja pia kwamba Amin alikuwa na kampuni yake mwenyewe katika umri ambao wengi bado wanaazima betri.

Uanagenzi upo mpaka leo. Nenda harusi yoyote Sinza au Tabata, umwangalie kijana anayemfuata mpigapicha ameinua flashi juu ya fimbo. Yumo darasani. Anajifunza mahali pa kusimama maharusi wanapoingia, jinsi ya kumwomba mama mkwe asogee bila kumuudhi, na namna ya kufanya kazi saa kumi na mbili bila kula. Vyuo vingi havifundishi hayo. Lakini nimezungumza na vijana wa aina hiyo wa kutosha kuona wanapokwama. Fundi hufundisha kile anachouza yeye. Akiwa wa harusi, utajua harusi. Siku kampuni ya vinywaji ikikuita upige chupa yenye matone ya maji, utatokwa na jasho wewe kabla ya chupa. Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawatalifundisha kabisa, nalo ni bei. Kwa nini akufundishe? Kesho utafungua duka mtaa wa pili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu aliyepita njia zote mbili. James Barnor wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1929, alifundishwa kazi na ndugu yake wa ukoo huko Accra, akafungua studio yake Jamestown, akaiita Ever Young, na akapiga picha za siasa na za mitaani katika miaka ambayo Ghana ilikuwa inaelekea uhuru. Alikuwa na jina na wateja. Bado mwaka 1959 alikwenda Uingereza, akafanya kazi katika maabara ya picha za rangi na kusoma kwenye Medway College of Art, mjini Rochester. Kwa nini mtu mwenye studio aende kukaa na wanafunzi? Alitaka rangi. Ghana ya wakati ule ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, na hakukuwa na mtu wa kumfundisha ufundi wa rangi. Aliporudi nyumbani karibu na mwaka 1970, alishiriki kuanzisha maabara ya kwanza ya picha za rangi nchini humo. Barnor alijua shule inamdai nini na yeye anaidai nini. Hakwenda kutafuta cheti cha kutundika ukutani.

Basi hapo ndipo ninapotaka kijana asimame kabla hajachukua fomu ya chuo. Unataka kupiga picha za nini? Usinijibu "zote". Kazi hizi hazifanani hata katika sheria. Ukitaka kuwa mpigapicha wa habari hapa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kiwango cha elimu kinachotakiwa ni stashahada ya fani hiyo. Mwenye kukusanya habari kwa kamera asidhani kamera inamtoa humo. Kwake yeye karatasi ni mlango wa kazi, na kozi ya miezi mitatu, hata ingekuwa nzuri namna gani, haiufungui. Mpigapicha wa harusi hali yake ni nyingine kabisa. Sijawahi kusikia bibi harusi akiomba kuona cheti. Anaomba kuona harusi ya mwisho uliyopiga.

Kwa hiyo mzazi wa kijana wa habari aanze kwenye usajili: chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kozi hiyo yenyewe imesajiliwa, na kwa ngazi gani? Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kozi ya uandishi wa habari na wakati huohuo kikaendesha kozi ya picha isiyo na ithibati chini ya paa lileile. Kenya swali hilo linaulizwa TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi ya huko. Hayo ni ya kuulizwa kwenye mamlaka, usitegemee ubao wa getini. Mzazi wa kijana wa harusi, au wa picha za bidhaa, au wa utalii, anaweza kulegeza hapo na kukaza kwingine.

Kwingine ni wapi? Tazama picha za waliohitimu. Usitazame za mkufunzi, wala zile zilizotundikwa mapokezi ambazo zimepatikana kwenye intaneti. Za wahitimu wa miaka miwili mitatu iliyopita, wenye majina, wanaofanya kazi mjini. Omba majina matano. Chuo kizuri kitakupa kumi, kwa fahari. Kisha zitazame hizo picha kwa utulivu: je, zote zinafanana? Zikifanana, ujue pale kuna mtu mmoja anayefundisha jicho lake, na kila anayetoka ni nakala yake.

Afrika Kusini kuna chuo ambacho watu wa fani hii hukitaja sana, Market Photo Workshop cha Johannesburg. Kilianzishwa mwaka 1989 na David Goldblatt, mpigapicha maarufu, wakati ambapo ubaguzi wa rangi uliwafungia vijana weusi milango ya vyuo vingi. Zanele Muholi alimaliza mafunzo hapo mwaka 2003. Jodi Bieber amepita hapo. Sabelo Mlangeni pia. Ukizitandaza picha za hao watatu mezani, huwezi kusema zimetoka mkono mmoja, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya chuo hicho. Msingi wa mafunzo ya namna hiyo ni kikao cha kukosoana. Mwanafunzi anabandika picha zake ukutani, wenzake na mkufunzi wanazipitia moja moja, na anaulizwa: kwa nini ulisimama hapa? Huyu mtu alijua unampiga? Mbona ya tatu inarudia ya pili? Inauma. Nyumbani kila mtu amemwambia picha zake nzuri. Mtandaoni wamempa mioyo mia. Kikao hicho ndicho ambacho simu haikupi na video za bure hazikupi, hata ungezitazama usiku kucha. Kama chuo unachokiendea hakina kikao hicho kila wiki, unalipia nini?

Sasa niende kwenye mwanga, na hapa mtanivumilia kidogo kwa sababu ndipo penye uhondo.

Kamera haijui inaangalia nini. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kitatoa kijivu cha wastani. Wapigapicha wanakiita kijivu cha asilimia 18. Ielekeze kwenye kanzu nyeupe, itadhani mwanga umezidi, itapunguza, kanzu itatoka ya kijivu na uso wa mwenye kanzu utazama gizani. Ielekeze kwenye uso mweusi mbele ya ukuta mweusi, itaongeza mwanga mpaka ngozi ipauke kama imepakwa poda. Sasa fikiria harusi: shela jeupe, suti nyeusi, nyuso za kila weusi na maji ya kunde, na jua la saa saba mchana likiwa juu kabisa ya utosi, linachimba vivuli kwenye macho. Hiyo ndiyo kazi ya kila Jumamosi hapa kwetu. Vitabu vingi vya picha vilivyoandikwa Ulaya havina mchana huo. Vinakusifia saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa jioni, na kukwambia uusubiri. Huko kwao wakati wa kiangazi jua huteremka kwa mshazari na mwanga huo hukaa. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu hushuka wima. Ukichelewa kubadilisha lenzi, limekwenda.

Na suala la ngozi lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo ilijulikana kama Shirley, kwa jina la mwanamke wa mwanzo aliyepigwa picha hiyo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, wengine wote wakajikuta wamekuwa weusi tii au wekundu. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini mazoea ya kufundisha hayajabadilika kwa kasi hiyo. Ukitembelea chuo, muulize mkufunzi swali moja tu: "Ukiwa na watu wawili, mmoja mweusi sana na mwingine mweupe, wamekaa kivulini na nyuma yao kuna bahari inayong'aa, unapimaje mwanga?" Huna haja ya kuelewa kila neno la jibu. Tazama kama anajibu kwa furaha, anainuka, anakuonyesha na mikono. Au kama anakwambia hilo litarekebishwa kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ifundishwe, sikatai. Ila programu zinabadilika. Waliojifunza dawa za chumba cha giza na hawakujifunza kingine waliachwa barabarani, na Kodak yenyewe, kampuni ambayo mhandisi wake alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Leo akili mnemba inafuta waya wa umeme nyuma ya bibi harusi kwa sekunde. Chuo kinachojaza ratiba yake na vitufe vya programu moja kinamuuzia mwanafunzi bidhaa inayokaribia kuisha muda.

Sheria je? Hapa ndipo vyuo vingi vinapopita mbio, na ndipo vijana wetu watakapoumia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Kenya wana yao ya mwaka 2019, na huko sheria imekwisha kung'ata: Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa starehe nao ulitozwa karibu milioni mbili kwa picha ya mteja wake. Sasa mpigapicha kijana ameajiriwa kwa siku moja kupiga mahafali ya chekechea. Nani amempa ruhusa? Imeandikwa wapi? Akirusha ndege isiyo na rubani juu ya mahafali hayo, ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga? Na picha alizolipwa kupiga ni za nani: zake, za shule, za wazazi? Chuo ambacho mhitimu wake hajawahi kuandika mkataba hata wa ukurasa mmoja kimempeleka sokoni bila viatu.

Mkataba huohuo ndio unaobeba fedha. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msubiri nje ya geti kama ni lazima, umuulize angetoza kiasi gani kupiga orodha ya vyakula ya hoteli, na amefikiaje kiasi hicho. Akitaja tu namba, bado. Akianza kuhesabu nauli, msaidizi, siku za kuhariri, kuchakaa kwa kamera, kodi, na sehemu ya malipo ya awali kabla hajatoka nyumbani, basi huyo amefundishwa. Muulize pia anahifadhi wapi kazi zake. Wanaojali wana nakala tatu, na moja haikai nyumba ile ile, kwa kuwa mwizi akija hachagui diski ya kuacha.

Watu huniuliza kuhusu kwenda ng'ambo. Priya Ramrakha, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935, alikwenda Los Angeles kusoma Art Center, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida ya Time na Life, mpaka alipouawa kwenye vita vya Biafra mwaka 1968. Ng'ambo ilimfaa. Lakini alikwenda akiwa tayari anapiga, mtoto wa ukoo wa wachapishaji magazeti, na mpigapicha wa Life, Eliot Elisofon, alikuwa ameziona kazi zake na kumsaidia kufika huko. Mtu asiye na picha hamsini za kuonyesha hana sababu ya kuuza shamba la babu. Azipige kwanza hapa.

Na hesabu ya ada, mzazi, usiishie kwenye ada. Chuo kina kamera ngapi kwa wanafunzi wangapi? Zinatoka getini au zinafungiwa kabatini saa tisa na nusu? Nimewahi kutembelea darasa ambalo kamera moja ilizunguka kwa wanafunzi wote, kila mmoja akabonyeza mara mbili, na somo la siku likaitwa mafunzo kwa vitendo. Sitakitaja chuo. Kama kamera hazitoki, itabidi umnunulie mtoto kamera iliyokwisha kutumika, na lenzi moja nzuri, kabla ya muhula wa pili. Bora muhula mfupi na kamera shingoni kila siku kuliko miaka miwili ya daftari.

Kwa kijana asiyemudu chuo chochote, nina neno. Tafuta fundi anayeheshimika, ushike taa yake, na wakati huohuo mkutane watano wa mtaani kila Jumapili mkosoane picha bila huruma. Hakimiliki na taarifa binafsi zisome mwenyewe. Sheria zipo, nyingine zina tafsiri ya Kiswahili. Utakosa cheti, na habari rasmi zitakuwa ngumu kwako. Mengine yote yatafikika.

Nawe mzazi, kabla ya kwenda benki, nenda chuoni siku ya kazi saa nne asubuhi, bila kupiga simu kwanza, pamoja na mwanao. Ombeni kukaa nyuma ya darasa kwa nusu saa, na ombeni kuona picha za mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili zenye maandishi ya mkufunzi aliyezisahihisha. Chuo kikikataa yote mawili, msikilipie.